Mwanangu alirudishwa mlangoni, kofia mkononi

Nilitaka kuandika maoni haya kuhusu igizo la mwanangu usiku uleule, nikajizuia nisije nikavunja adabu. Wiki zimepita na hasira haijapoa, basi naandika nayo hivyohivyo.

Tunaishi mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Kuna kikundi cha maigizo hapa, watu wa kazi zao tu: mchana huyu ni fundi bomba, yule ni mwalimu, jioni wanakutana ukumbini kufanya mazoezi bila kulipwa hata senti. Safari hii waliamua kucheza Oliver!, ule mchezo wa nyimbo ambao Lionel Bart aliutoa kwenye riwaya ya Charles Dickens. Mwanangu wa miaka tisa akachaguliwa kuwa mmoja wa watoto wa nyumba ya maskini, wale wanaofungua mchezo kwa wimbo wa kuota vyakula vitamu huku kwenye mabakuli yao hamna kitu ila uji mwepesi. Miezi mizima nilimpeleka mazoezini kila Jumapili, mvua, baridi, giza la saa kumi jioni. Wimbo ule aliuimba bafuni, akauimba mezani, mpaka mdogo wake naye akaushika.

Watoto waligawanywa timu mbili, Kijani na Bluu, zipokezane usiku. Sheria za huku kuhusu mtoto anayepanda jukwaani ni kali: tulijaza fomu za kibali cha halmashauri, na nyuma ya pazia mzazi hukai, wanakaa walezi walioidhinishwa. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Mwanangu alikuwa Kijani, na ratiba niliyotumiwa ilisema Kijani ni Alhamisi. Nikakata tiketi tatu za Alhamisi: yangu, ya mume wangu, na ya mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Ijumaa mchana mama alikuwa na ndege ya kurudi.

Alhamisi tukafika mapema. Nikampeleka mtoto mlango wa nyuma, amevaa matambara yake, kofia mkononi. Akatoka mama mmoja na orodha. Akaangalia orodha, akamwangalia mtoto, akasema leo wanacheza Bluu, Kijani ni kesho, walibadilisha. Nikamwuliza walimwambia nani. Akasema ujumbe ulitumwa. Haukutumwa kwangu, nimepekua simu mara kumi. Nikamweleza habari ya mama yangu, kwamba kesho hayupo, kwamba ameahirisha safari wiki nzima kwa ajili ya usiku huu. Akanijibu: "Igizo ni lilelile. Watoto wote ni wazuri."

Watoto wote ni wazuri! Kama vile bibi amevuka bahari kuja kutazama watoto wowote tu.

Mtoto alikuwa amesimama palepale, anasikia. Yule mama hakumtazama, hakumwambia pole. Na nilipokuwa nageuka akanikumbusha kwamba mtoto akiingia ukumbini lazima naye awe na tiketi. Nikalipa. Miezi yote ile ya mazoezi, na nikamlipia mwanangu kiti akae kutazama nafasi yake ikichezwa na mwingine. Kwa hilo peke yake kikundi hiki nakipa nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shida.

Pazia likafunguliwa. Watoto wa Bluu wakaingia na mabakuli yao. Sikuwatazama. Nilimtazama wangu, amekaa kando ya bibi yake gizani, midomo inacheza, neno kwa neno, hata mikono inataka kunyanyuka pale wanapogonga vijiko. Mama akamshika goti. Yeye Kiingereza hakijui, lakini Oliver alipokwenda na bakuli lake kuomba aongezwe, na watu wazima wakamgeuzia kibao, alininong'oneza: "Wanamnyima uji, mwanangu? Uji?" Toka hapo hakuhitaji mkalimani.

Sasa niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli haya yote hayana maana. Yule dada aliyecheza Nancy, msichana wa genge la wezi, sitamsahau. Katikati ya wimbo wake mkubwa, ule wa kumng'ang'ania mwanamume anayempiga, kipaza sauti kikakwaruza, kikazima. Hakusimama. Akasogea mbele ya jukwaa, akauimba kwa kifua chake mwenyewe, na ukumbi ukanyamaza mpaka nikasikia mama akivuta pumzi. Kijitabu cha mchezo kinasema ni muuguzi wa zamu za usiku. Na aliyecheza Fagin, mzee anayewafundisha watoto wizi, alinishangaza. Nilikuwa na hofu naye, kwa sababu Dickens alimwandika Myahudi yule vibaya, na wachezaji wengine humfanya kikaragosi cha pua na sauti. Bart mwenyewe alikuwa mtoto wa Wayahudi wa London mashariki, akampa Fagin moyo na ucheshi, na bwana huyu aliliheshimu hilo. Alikuwa mzee mwoga anayehesabu siku zake, basi, na fidla nyuma yake inamlilia.

Kwa hao wawili ningetoa nyota tano. Karibu wanilainishe, wallahi.

Lakini kabla ya hayo, wakati wa mapumziko, yule mama wa orodha alipita katikati ya viti anauza karatasi za bahati nasibu. Akafika kwetu. Mwanangu bado amevaa matambara yake, kofia iko magotini. Akamwuliza, "Unafurahia?" Hakumkumbuka. Jioni ileile! Nikashindwa hata kumjibu.

Niliandikia uongozi. Wakajibu kwa upole, wakataka kunirudishia fedha za tiketi zote nne. Sikuomba fedha. Niliomba yule mama amwombe radhi mtoto, na hilo mpaka leo halijafanyika. Basi ni nyota mbili. Au tatu, kwa ajili ya Nancy. Sijui, kila nikiandika namba naifuta.

Ijumaa nilimsindikiza mama uwanja wa ndege, nikarudi mbio, nikakata tiketi nyingine. Mwanangu aliingia wa nne kwenye mstari, bakuli mkononi, akaimba bila kukosea hata neno. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Macho yake yalikuwa yanapita safu kwa safu yakitafuta, na saa hiyo bibi yake alikuwa angani.