Askari aliyefunzwa au wahudumu wasio na silaha: Memphis na Eugene

Mtu akichanganyikiwa barabarani na jirani akapiga simu, nani aende? Miji miwili ya Marekani ilijibu tofauti.

Memphis ilianza kuwafunza polisi wake kazi hii mwaka 1988, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua kijana mwenye ugonjwa wa akili mwaka uliotangulia. Askari wa doria wanaoomba wenyewe hupewa mafunzo ya saa 40: dalili za maradhi, namna ya kumtuliza mtu kwa maneno, na mazungumzo na wagonjwa wenyewe pamoja na familia zao. Askari wapo usiku na mchana, na mgonjwa akiwa na silaha hawasubiri msaada wa mtu. Lakini anayeshuka garini bado ana bastola na pingu. Kwa mgonjwa anayeamini kuwa anawindwa, sare peke yake inatosha kumzidishia hofu.

Eugene, Oregon, ilichagua njia nyingine mwaka 1989. Mpango wa CAHOOTS wa kliniki ya White Bird ulituma watu wawili kwa gari: mhudumu wa afya na mtaalamu wa kutuliza watu, bila silaha, wamevaa nguo za kawaida. Simu zilipitia kituo kilekile cha dharura kinachopokea simu za polisi, na hatari ikizidi waliita polisi. Mimi naupendelea huu, maana mgonjwa si mhalifu. Anastahili kufikiwa na tabibu kwanza. Kilichouangusha ni fedha: Aprili 2025 huduma hiyo ilisitishwa Eugene, wakati mpango wa Memphis unaendeshwa na askari ambao tayari wanalipwa mshahara.