Kutoa slaidi kutoka faili la maandishi: uzoefu wangu na Org hapa Bagamoyo

Nawafundisha vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni hapa Bagamoyo, na masomo yote nayaweka katika faili moja la maandishi matupu, kwa Org, zana ya kuandika mihtasari ndani ya kihariri cha maandishi kiitwacho Emacs. Magofu ya Kaole yana kichwa chake, Caravanserai (kituo cha zamani cha misafara) ina chake, Boma la Wajerumani vilevile. Nyota (*) moja mwanzoni mwa mstari ni mada, nyota mbili ni kipengele, nyota tatu ni maelezo ya ndani. Faili hilohilo linatoa slaidi za ukumbini na karatasi za kwenda nazo matembezini. Nimeona wengi wanaupenda muhtasari wa namna hii, kisha siku ya kuwasilisha wanarudi kunakili aya mojamoja kwenye PowerPoint. Hakuna haja ya kuteseka hivyo.

Org ilianzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003. Mfumo wake wa kutoa faili kwa miundo mingine ulisukwa upya na Nicolas Goaziou, na ukaingia katika toleo la 8.0 mwaka 2013. Ndani yake imo njia ya Beamer, yaani slaidi za LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri, zinazotoka kama PDF. Ukishaipakia `ox-beamer`, unabonyeza C-c C-e (C ni kitufe cha Ctrl), kisha l, kisha P, basi.

Kinachonifanya niisifu ni mstari mmoja tu juu ya faili: `#+OPTIONS: H:2`. Mstari huo unasema vichwa vya ngazi ya pili ndivyo slaidi. Vya juu yake vinakuwa sura, vya chini yake vinakuwa visanduku ndani ya slaidi. Mimi mwandishi ndiye niliyeamua slaidi inaanzia wapi, na uamuzi huo umeandikwa mahali ambapo mtu yeyote akifungua faili ataukuta. Mwanafunzi wangu akiongeza kipengele kuhusu makaburi ya Kaole kwa nyota mbili, anajua kabla ya kubonyeza chochote kwamba ameongeza slaidi moja.

Hapa inafaa kuilinganisha na Pandoc ya John MacFarlane, programu ya kugeuza faili kutoka muundo mmoja hadi mwingine, ambayo nayo husoma faili za Org na hutoa PowerPoint halisi. Naitumia kila ukumbi unapodai pptx. Ila usipoiambia ngazi ya slaidi, inaitafuta yenyewe: inapita kwenye faili na kuchukua ngazi ya juu kabisa ambayo mahali fulani imefuatwa papo hapo na maandishi badala ya kichwa kingine. Ni akili nzuri, na kwa faili fupi hufanya kazi. Lakini fikiria una mada sita, kila moja ikifuatwa mara moja na vipengele vyake. Slaidi zako ni vipengele. Sasa mtu anaongeza sentensi moja tu chini ya mada ya kwanza, labda kukumbusha kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891. Ngazi ya slaidi inapanda juu, na mpangilio wa faili zima unabadilika, hata kwenye mada ambazo hakuzigusa. Sentensi moja haipaswi kuwa na nguvu hiyo. Dawa ni kuandika `--slide-level=2` kwenye amri ya Pandoc kila mara, na ningependa programu yenyewe imlazimishe mtu kuchagua. Anayebuni zana ya aina hii asiiache ibahatishe muundo wa kazi ya mtu.

Upande mgumu wa Beamer ni kufurika. Maandishi yakizidi, yanaendelea kushuka hadi yanapotelea chini ya ukingo wa slaidi. Kwa Kiswahili jambo hili linakuja upesi, maana maneno yetu ni marefu na kitenzi kimoja hubeba kazi ya maneno matatu. Slaidi yangu ya misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilitaka kubeba kuanzishwa kwake mwaka 1868, mwili wa Livingstone kufikishwa hapa mwaka 1874 na safari yake ya kwenda Zanzibar, pamoja na picha ya mnara. Picha unaweza kuibana kwa `#+ATTR_LATEX: :height 0.5\textheight`, na slaidi ndefu unaweza kuiruhusu igawanyike kwa `allowframebreaks`. Mgawanyo huo sikuupenda. Unakata popote nafasi inapoishia, hata katikati ya hoja. Nilichoona kinafaa ni kugawa kichwa mwenyewe, misheni kivyake na Livingstone kivyake, na somo lenyewe likanyooka zaidi.

Kasoro ndogo: ukurasa wa yaliyomo hutoka na neno la Kiingereza "Outline" hata kama kila kitu kingine ni Kiswahili. Badilisha `org-beamer-outline-frame-title` uweke "Yaliyomo" na hutaliona tena. Kubwa zaidi ni bando. TeX Live, mkusanyiko wa programu za LaTeX, ikiwa kamili inakula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo chukua toleo dogo na uongeze vifurushi unavyohitaji, au nakili kutoka kwa mtu aliyekwisha kuishusha.

Kuna pia njia ya reveal.js, kwa kifurushi cha ox-reveal, inayotoa slaidi za kufunguliwa kwenye kivinjari. Inapendeza macho, na ukibonyeza S unapata dirisha la mzungumzaji lenye maelezo yako ya pembeni. Kwa anayefundisha hilo ni jambo kubwa: tarehe ya Boma, 1897, inabaki kwangu, wanafunzi wanaona jengo tu na kuulizwa wanadhani ni la lini. Ila angalia `REVEAL_ROOT`, mstari unaotaja reveal.js ilipo, inaelekea wapi. Ikielekea mtandaoni, ukumbi usio na intaneti utakupa ukurasa usio na mpangilio, wenye maandishi yaliyorundikana. Weka nakala ya reveal.js kwenye kompyuta yako. Mimi hubeba na PDF kwenye flashi hata hivyo, kwa sababu PDF hufunguka kwenye mashine yoyote watakayonipa.

Alama ninayoitumia kuliko zote ni `:noexport:`. Kichwa chochote chenye alama hiyo kinabaki kwenye faili bila kutokea kwenye slaidi. Huko naweka simulizi za wazee ambazo bado nazihakiki, ili kijana asizisome mbele ya wageni kama jambo lililothibitishwa. Likishahakikiwa, nafuta alama na linaingia mahali pake.

Kama una masomo marefu, unayarekebisha mara kwa mara na huogopi kuandika mistari michache ya amri, anza na Beamer na H:2. Mwenye slaidi tano za mara moja abaki na PowerPoint. Ninachowaomba wanaoiendeleza Org ni kimoja: slaidi ikifurika, nitajiwe kichwa kilichofurika na nipelekwe kwenye mstari wake. LaTeX huandika "Overfull \vbox" kwenye kumbukumbu zake, lakini haisemi ni nyota ipi ya muhtasari wangu, na mimi nafanya kazi kwa nyota.