Kliniki ya usingizi hapa Dodoma, nyota nne

Jamani mimi nimeitwa mvivu hadi na mama mkwe, nasinzia kwenye daladala ya Nkuhungu napitilizwa kituo, nikicheka sana magoti yanalegea chai yote chini. Nikaenda kliniki moja ya binafsi, foleni masaa matatu feni haizunguki, ila daktari sasa! Kanielezea taratibu, hali yangu inaitwa nakolepsi, ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla, jina alilitoa daktari Gélineau wa Ufaransa 1880 baada ya kumtibu mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo aliyekuwa anashikwa na usingizi hadi mara 200 kwa siku (mia mbili!!), na wengi wetu wenye ugonjwa huu ubongo umepungukiwa oreksini, kemikali ya kukuweka macho, imegundulika 1998 tu. Nyota moja nimekata mapokezi, yule dada alidhani nimelewa.