Miezi 14 nikiosha gari kwa lita 8 za maji hapa Goma

Ninakaa mtaa wa Ndosho, katika kiwanja chenye bomba lisilo na maji. Umeme ukikatika, pampu za ziwani zinasimama, na hata umeme ukirudi, maji yanaishia kwa wenzetu wa chini kabla hayajafika kwetu. Nina RAV4 nyeusi ninayoikodisha Jumamosi kwa maharusi. Gari la bibi harusi haliwezi kufika mlangoni pa kanisa likiwa na vumbi, kwa hiyo kila wiki lazima nilioshe vizuri, nitake nisitake.

Zamani nilikuwa namwita kijana wa lavaje, yaani muosha magari, anakuja na ndoo na sabuni ya unga, na mimi nanunua bidoni nne za lita 20. Hizo ni lita 80, zilizoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, au kubebwa mgongoni na mama wa watu toka Kituku, ukingoni mwa ziwa. Asubuhi moja jirani yangu alisimama akiangalia povu linavyotiririka na kupotelea kati ya mawe. Akauliza kwa upole kabisa: «Papa, hii mayi yote ni ya gari?» Alikuwa ametoka ziwani tangu saa kumi na moja, na bidoni yake moja ndiyo ya kupikia, ya kuogesha watoto na ya kunywa. Nilimwambia, «Ndiyo, mama, ni ya gari,» na jibu hilo likaniuma siku nzima.

Njia nyingine ambayo wengi wanaifuata ni kuteremka na gari mpaka ukingoni mwa ziwa. Nimeifanya mara mbili tu. Mara ya pili niliona grisi ya matairi yangu ikielea kuelekea mahali ambapo watoto walikuwa wanateka, na pembeni wapo wale vijana wanaotia klori kwa sindano katika kila bidoni inayopita. Kipindupindu si mgeni hapa Goma. Mtu mmoja anatia dawa ili maji yanyweke, na mwingine, hatua kumi kando, anamwaga sabuni na mafuta ndani ya maji hayohayo. Sikurudi tena.

Hapo nikaanza kutafuta dawa za kusafisha gari bila bomba. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa chupa ya kupuliza, jina lake nisilitaje, iliyoandikwa kwamba unapuliza, unafuta, unaenda zako. Nilifanya hivyohivyo: nikapuliza kidogo juu ya kapo, yaani boneti, na kufuta kwa mizunguko, kama mtu anayefuta meza. Jioni gari lilipendeza. Kesho yake saa mbili jua lilipolipiga, kapo nzima ilionekana kama utando wa buibui, mikwaruzo midogo midogo ya duara kila mahali. Fundi wa rangi aliitoa kwa mashine, lakini si yote, na kila ukisugua hivyo unazidi kulipunguza lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo tayari ni jembamba kuliko unywele.

Kosa halikuwa la dawa peke yake. Vumbi letu si kama udongo mwekundu wa Bukavu. Hapa tunakanyaga makoro, mawe ya lava. Lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena na kusimama Buhene, kiungani mwa mji, na barabara zetu nyingi za mitaa ni hayo mawe yaliyosagwa na matairi. Lava ikipoa haraka inakuwa na kioo ndani yake. Chukua vumbi la kapo, libonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha lisugue karibu na sikio: utasikia linalia. Anayefuta vumbi hilo likiwa kavu anasugua gari lake kwa msasa.

Shemeji yangu aliyekuwa Dubai ndiye aliyeniletea Optimum No Rinse, dawa ya Kimarekani ambayo haihitaji kusuuzwa. Ninayo sasa mwezi wa 14, na ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri, kwa sababu watu wananisimamisha kwenye maharusi na kuniuliza naosha wapi.

Kwanza, si ya kupuliza na kufuta. Unaichanganya na maji, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 256 za maji. Kwa mahesabu ya nyumbani, mililita 30 zinatosha lita 8, kasoro matone. Ninapima kwa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya mtoto, vikombe viwili vya mililita 15. Haitoi povu kama sabuni, na hilo linawatia watu mashaka, wanadhani haifanyi kazi. Kazi yake ni nyingine: ndani yake mna kitu kinachozunguka punje ya vumbi na kuifanya iteleze badala ya kukwaruza. 

Lita 3 ninazitia katika pampu ndogo ya kupulizia dawa ya mimea, ile ya kusukuma kwa mkono, na lita 5 zinabaki kwenye ndoo. Naanza alfajiri gari likiwa bado baridi, au naliingiza kivulini. Bati lililopata jua linakausha dawa kabla hujaifuta na linaacha madoa. Nalowesha upande mmoja kwa pampu mpaka maji yaanze kutiririka, halafu naacha. Hapo ndipo wengi wanakosa subira. Dakika moja au mbili unaona michirizi ya kijivu inateremka yenyewe mlangoni, bila mkono wako kugusa kitu. Kila punje inayoshuka peke yake ni punje ambayo hutaiburuta juu ya rangi.

Kitambaa ni kile chenye nyuzi laini ndogo ndogo, si shati la zamani wala sifongo ya vyombo. Ninakikunja mara mbili, kinanipa nyuso nane. Uso mmoja unapita mara moja tu, kwa mstari ulionyooka, toka juu kwenda chini, bila kukandamiza, kisha nageuza. Nyuso nane zikiisha nachukua kitambaa kingine toka kwenye ndoo. Siku zote nakuwa na sita zilizolowekwa, na kile kilichokwisha kufanya kazi hakirudi ndoo mpaka kifuliwe. Naanza na paa, vioo, kapo, milango nusu ya juu, halafu nusu ya chini, na mwisho matairi na chini ya milango, ambako mchanga ni mwingi zaidi. Matairi yana kitambaa chake, nimekikata ncha ili nisikosee. Nakausha kwa kitambaa kikubwa kikavu, kila upande palepale kabla ya kwenda mwingine. Gari zima linanichukua dakika 45.

Jumla ni lita 8 badala ya 80. Chupa ya mililita 946 inanipa mara 31 hivi, na niliinunua dola 30 pamoja na kuisafirisha, kwa hiyo inakuja kama dola moja kwa kila mara. Mimi naona ni halali yake, hata kama sina faida ya harusi wiki hiyo.

Maji yenyewe yana maneno yake. Ziwa Kivu lina chumvichumvi nyingi za mawe ya volkeno, maji yake ni ya alkali, na tone likikauka juu ya rangi nyeusi linaacha duara jeupe linalong'ang'ania. Kwa hiyo ndoo yangu ni maji ya mvua toka kwenye bati. Sichukui mvua ya dakika za kwanza, kwa sababu inateremsha vumbi na majivu yote ya paa. Naacha bati lioshwe kwanza, kisha naweka pipa. Kiangazi cha Julai, mvua ikikosekana, natumia ya ziwa iliyotulia usiku kucha na nakausha haraka zaidi.

Sasa pale inaposhindwa, maana sitaki mtu aharibu gari lake kwa kunisikiliza nusu. Nikirudi toka Sake msimu wa mvua, milango imefunikwa na tope lililokauka kama saruji, dawa hii si ya hapo. Kupitisha kitambaa kwenye tope ni kuharibu. Siku hizo nalaza matambara makuukuu yaliyolowa maji juu ya tope, nusu saa, mpaka lilainike na kuanguka lenyewe, ndipo naanza kazi ya pampu. Inaniongezea lita 5 hivi. Chini ya gari na ndani ya mabawa ya matairi, ambako tope linakaa na kula chuma, hapo mara moja kwa miezi miwili naenda kwenye lavaje yenye shimo la kukusanya maji machafu, na nalipa bila kunung'unika. Na kinyesi cha ndege kisisubiri Jumamosi: kiloweshe, kiache kilegee, kiinue kwa kitambaa siku hiyohiyo, kwa sababu kinaunguza rangi.

Jambo ambalo sikuliona katika maelezo yoyote, na ambalo kwetu ndilo kubwa, ni vitambaa. Mke wangu alivifua mara ya kwanza na kuvianika juu ya makoro nyuma ya nyumba, kama tunavyoanika nguo zote. Bahati nzuri nilipitisha kiganja kabla ya kutumia: vilikuwa vimenasa punje nyeusi, zinachoma kama miiba midogo. Tangu hapo vinafuliwa peke yake, sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, vinakaushwa kwenye kamba ndani ya nyumba na kuwekwa kwenye mfuko unaofungwa. Kitambaa kikianguka chini, hata kwa sekunde moja, kazi yake ya siku hiyo imekwisha. Nimewaambia watoto wangu wasiniokotee na kunirudishia, waniambie tu, «Baba, kimeanguka.»

Sikuacha kumwita yule kijana wa lavaje. Ingekuwa vibaya, anasomesha wadogo zake kwa ndoo ile. Nilimfundisha njia hii mwezi wangu wa tatu wa kuitumia, kwenye mlango mmoja tu kwanza. Aliniambia, «Mzee, wateja wataona hakuna povu, watasema sijaosha.» Nikamwambia amwambie mteja apitishe kidole mlangoni baada ya kuosha. Sasa ana pampu yake mwenyewe na wateja wanne huko Himbi wasiotaka tena kuteremka ziwani, na analipwa bei ileile bila kununua dawa, kwa sababu mimi na yeye tunagawana chupa. Ninamjazia dawa katika chupa ndogo ya dawa iliyosafishwa, mililita 30 kwa gari moja, na amezichora mistari kwa kalamu ili asizidishe.

Chupa zangu mbili za kwanza zimekwisha, ya tatu imefika nusu. Yule jirani aliyeniuliza swali lile anaona pampu yangu inavyofanya kazi asubuhi za Ijumaa, na juzi aliniomba nimkopeshe pipa la mvua. Nimemwachia kabisa, na mimi natumia dogo, kwa maana lita 8 linazitoa bila shida.