Mwongozo wa vinu vya nyuklia uliomkuna mchoraji wa Igogo

Mimi nachora ramani za viwanda hapa Mwanza, hasa vya minofu ya sangara. Kinu cha nyuklia sijachora wala sitarajii. Lakini ule mwongozo wa mwaka 2013 wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, unaohusu kuwawekea wakaguzi wake nafasi tangu kwenye ramani, nimeupakua bure na kuumaliza. Nyota nne.

Nilikuwa na kidonda changu. Mteja mmoja kando ya ziwa aliniambia, "Kamera tutaweka baadaye, fundi." Zege likakauka, vigae vikang'aa, ndipo mkaguzi akazidai. Siku nne tunatoboa ukuta wa chumba cha baridi, na lawama zote kwangu.

Sasa fikiria kutoboa ukuta wa kinu! Wakaguzi wa nyuklia kazi yao kubwa ni hesabu, isije nyenzo ya nyuklia ikachepushwa kutengeneza bomu: iliyoingia, iliyomo, iliyotoka. Kwa plutoniamu, metali inayozaliwa ndani ya fueli ya kinu, kilo 8 tu ndicho kiasi wanachokichukulia kuwa kinaweza kuzaa bomu. Kwa hiyo kamera ya bwawa la fueli iliyotumika lazima ione maji yote bila kuzibwa na kreni. Paipu za waya zake zilale ndani ya zege mapema, umeme wa akiba uwepo, na njia za kutolea fueli ziwe chache.

Zamani nchi iliweza kulipelekea shirika taarifa za ramani siku 180 kabla nyenzo haijaingia kinuni. Siku 180! Hapo jengo limeshaezekwa. Tangu 1992 shirika linataka taarifa mara tu serikali inapoamua au kuruhusu kujenga. Aliyebadilisha hilo bila shaka alishawahi kugombana na mkandarasi.

Sili zao, yaani lakiri za kuonyesha kama kitu kimefunguliwa, nilizisoma kwingine, zikanichekesha kwa uzuri wake. Ndani ya kifuniko cha chuma kuna mikwaruzo isiyofanana na ya sili nyingine. Hupigwa picha kabla, kisha sili ikirudi Vienna, makao makuu ya shirika, hulinganishwa. Ile ya mizani ya samaki kule Mwaloni ni mtoto wake.

Nyota moja nimeinyima kwa Kiingereza kizito na vifupisho kila mstari. Nilianza kuviandika pembeni kwa penseli, ukurasa wa kumi penseli ikaisha.

Juzi amekuja mteja mwingine na "kamera tutaweka baadaye." Nimemwonyesha paipu nilizokwisha kuzichora, nikamwambia bei.