Mpishi wa Siku ya Mama: Mtori Mzuri, Sahani Haba
Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama Duniani, sisi wanaume wa usharika wetu wa Kilutheri mjini Moshi tuliazimia kwamba akina mama wasishike mwiko wala sufuria, hivyo tukamkodi mpishi wa sherehe, nasi tukabaki na kazi ya kuwanawisha mikono na kuwapakulia. Mtori ulikuwa mzito na laini, wenye nyama iliyoachia mfupa, na bibi mmoja ambaye si mwepesi wa kusifu aliomba bakuli la pili. Pilau ilikuwa ya kawaida. Hata hivyo, chakula kilichelewa saa nzima baada ya ibada, na sahani zilipopungua baadhi ya akina mama waliinuka kuziosha, jambo lililotutia aibu kubwa. Kwa ajili ya mtori nitamwita tena. Sahani tutaazima wenyewe.