Babu wa Goa: Uraia wa Ureno au Kadi ya OCI?

Mkazi wa Mombasa ambaye babu yake alizaliwa Goa kabla ya Desemba 1961, India ilipoitwaa kutoka kwa Wareno, huwa na njia mbili. Kadi ya OCI (Overseas Citizen of India, yaani “raia wa India wa ng’ambo”), iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo nyepesi: humruhusu mwenyewe kuingia na kuishi India bila viza, lakini licha ya jina lake si uraia, kwani hapigi kura wala hawezi kununua shamba.

Uraia wa Ureno ni uraia kamili na humfungulia Umoja wa Ulaya mzima, ila safari yake ni ndefu, kwa kuwa kuzaliwa kwa babu husajiliwa kwanza Ureno, kisha kwa mzazi, ndipo ifike zamu ya mwombaji. Hapo herufi moja hutesa: cheti cha ubatizo cha Goa kinasema “de Souza”, cha Mombasa “D’Souza”, na tofauti hiyo lazima ielezwe kwa hati. Katiba ya Kenya ya 2010 haimnyang’anyi uraia mzaliwa anayechukua wa pili. Anayetaka kuzuru jamaa tu, kwa maoni yangu, asijitaabishe na Lisbon.